Kupima Upepo Tairi Likiwa Baridi

Siku ya kuniaga, vijana wa sehemu ya matairi waliniomba niwaandikie "zile mambo zote" kabla sijazisahau. Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza nilijikuta naandika habari za vyeo, nikaona zinanichosha hata mimi mwenyewe, nikachana karatasi. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaopokea. Kwa hiyo nitaandika kuhusu upepo. Nimeujaza kwenye matairi ya watu miaka thelathini na kitu, na bado kuna asubuhi naamka na swali juu yake.

Jina langu ni Peres Auma, ingawa wengi wenu mnaniita Mama Otieno. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, nami nikazaliwa hapahapa Kericho, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba. Niliajiriwa karakana ya shamba kama karani wa stoo. Siku ya kwanza nilitumwa nikahesabu matairi ya zamani yaliyorundikwa nyuma ya karakana, na huko ndiko nilikomkuta Mzee arap Chumo, fundi wa matairi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na alivaa gambuti hata jua likiwaka. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, na baada ya muda akasimamisha nyundo yake.

"Wewe umekuja kuhesabu ama kuuliza?"

"Kuhesabu, Mzee. Lakini naona haya yamekwisha katikati na yale yamekwisha pembeni. Ni ya kampuni tofauti?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa ameshakata tamaa ya kuulizwa. Akaliinua tairi moja, akanionyesha. "Hii ilikuwa na upepo mingi. Ilikuwa inasimama na tumbo. Hiyo ingine ilikuwa na upepo kidogo, inatembea na mabega. Kampuni ni moja. Shida ni sisi."

Kesho yake nilifika kabla stoo haijafunguliwa, nikiwa na swali lingine. Baada ya miezi michache meneja alichoka kunitafuta stoo na kunikuta kwa matairi, akanihamisha. Kulikuwa na wanaume waliosema mwanamke hataweza kubandua tairi la lori. Walisema kweli kwa muda wa wiki mbili hivi.

Mzee alinifundisha mambo mawili ambayo sikuwahi kuyapata kwingine. La kwanza ni chaki. Unachora mstari kutoka pale tairi linapokanyaga ardhi, unapita begani, unashuka ubavuni hadi karibu na maandishi. Gari likienda na kurudi, unaangalia chaki imefutika hadi wapi. Ikibaki begani, tairi ni gumu mno, halikulala kwenye kona. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi lilikuwa linatembea juu ya mbavu zake na siku moja litakuaibisha. Matrekta yetu ya kubeba majani mabichi kwenda kiwandani yalikuwa yamechorwachorwa kama ubao wa shule.

La pili ni herufi. Upepo tunauhesabu kwa pauni, na kila ukiandika pauni kwenye daftari, unaandika kando yake kama tairi lilikuwa baridi au moto. Tairi likitembea linapata joto, na upepo ulio ndani unapanda wenyewe bila mtu kuongeza chochote. Pauni thelathini za asubuhi si pauni thelathini za saa saba mchana. Mzee, kama wengi wa kwao Chebunyo, alisema "paridi" badala ya baridi, na akaiandika vilevile. Daftari lake lilijaa M na P. Karibu mwaka mzima nilidhani P ni presha, nikawa najiuliza hiyo M nayo ni ugonjwa gani.

Mbio za magari zilitukuta tukiwa katika hali hiyo, tunajua matrekta na malori na kudhani tumemaliza. Shamba lilikuwa na uwanja wa ndege wa zamani, ambapo wakubwa walikuwa wakishukia kwa ndege ndogo. Ndege ziliacha kuja, lami ikabaki. Watu fulani wa mijini wanaopenda mbio waliomba wapewe uwanja huo mara mbili kwa mwaka. Wakapanga mzunguko: unashuka na lami moja kwa moja, unafika kona kali ya kulia kando ya mikaratusi, unazunguka, unarudi. Meneja akakubali kwa sharti kwamba magari yasiingie kwenye chai. Akatutuma mimi na Mzee na kompresa ndogo, tuwasaidie wageni wakipata pancha.

Pancha hazikuwa nyingi. Kilichokuja ni mtu mmoja mrefu wa Kapkatet, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, jina lake Wesley Rono. Alikuwa na gari dogo la saluni linalovutwa na magurudumu ya mbele, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mama, hii gari inakataa kona. Mimi nakata usukani, yeye anaenda na pua tu mpaka karibu aguze miti."

"Uliweka upepo ngapi?"

"Nilisema waniwekee arobaini, ndio ikuwe ngumu. Si hii ni mashindano?"

Nikapima. Geji ilisoma arobaini na saba. Nikamwonyesha Mzee, naye akachukua chaki, akachora mabega yote manne. Rono akazunguka mara tatu, akarudi. Chaki ya mbele ilikuwa nzima begani kama ilivyochorwa. Gari lilikuwa linakata kona likisimama juu ya kipande cha mpira kisichozidi upana wa kiganja. Tulipunguza, akaenda, akarudi, tukapunguza tena. Mara ya nne chaki ilifutika hadi ukingo wa bega na ikasimama hapo. Rono alishuka akicheka peke yake.

"Mumefanya nini? Hii si gari yangu."

Nadhani siku hiyo ndiyo niliyoanza kupotea. Mzee alirudi kwenye matrekta yake akiwa ameridhika. Mimi nilirudi nyumbani na maswali. Kwa nini gurudumu la mbele kushoto lilipanda pauni nyingi kuliko la kulia? Nililala nikizungusha ule uwanja kichwani hadi nikaona: kona zote kali ni za kulia, kwa hiyo gari huegemea kushoto, na anayebebeshwa ndiye anayepata homa.

Nilitaka kujua homa hiyo iko wapi hasa kwenye mpira. Kiwandani kulikuwa na kipimajoto chenye mdomo kama sindano, ambacho msimamizi alikuwa akikichomeka kwenye majani yaliyosagwa ili ajue yamechacha vya kutosha. Nilikiazima. Gari likirudi tu, nilikuwa nakichomeka kwenye mpira mahali patatu: upande wa ndani, katikati, upande wa nje. Katikati pakiwa na joto kuliko kando, upepo umezidi. Kando zikiwa na joto kuliko katikati, upepo umepungua. Pakikaribiana, umepata. Msimamizi alikipokea kikinuka mpira, akakinusa, akanitazama. Wiki hiyo sikunywa chai ya kiwanda chetu.

Kwa misimu kadhaa mambo yalienda vizuri. Rono alipanda kutoka kuwa wa mwisho hadi kuwa wa kati, kisha wa mbele kidogo. Madereva wengine walianza kuja kwenye meza yangu. Mtu alikuwa akiniuliza pauni ngapi, namtajia, anaenda mbio kuziweka, na mimi nilikuwa nikijisikia vizuri kuliko ilivyofaa. Na hapa ndipo naandika lile ambalo wengi wenu mlisikia nusu yake.

Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Asubuhi palikuwa na jua, na magari yakafanya mazoezi. Rono alirudi analalamika gari linateleza kwenye kona ya mikaratusi. Matairi yalikuwa moto, huwezi kuweka mkono juu yake zaidi ya kuhesabu tatu. Nikapunguza ya mbele hadi pauni ishirini na nne, papo hapo, yakiwa moto vile. Watu watatu walikuwa wakinisubiri. Nikaandika 24 kwenye daftari, nikageukia mtu mwingine. Sikuandika herufi.

Kisha mvua ya mawe ikashuka. Kericho mnaijua: mawe kama mbegu za parachichi, chai inachanika, kila mtu yuko chini ya turubai. Ilinyesha kwa muda wa karibu saa mbili. Rono alikaa ndani ya gari akila mahindi ya kuchemsha. Ilipokatika, waandaaji walikuwa na haraka kwa sababu siku inaisha. Wakaita magari, nami nikampungia Rono mkono aende. Sikupima tena. Kwa nini nipime, na mimi mwenyewe ndiye niliyepima?

Alifika kona ya mikaratusi katika mzunguko wa kwanza. Tulisikia mlio mfupi, kama mtu anavuta zipu ya begi kubwa, halafu chuma kikikwaruza lami. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limetoka kwenye rimu. Rimu ikachimba ukingo wa lami, gari likapinduka mara moja na kutua kwa magurudumu yake katikati ya chai. Nilikimbia kwa gambuti. Rono alikuwa na fahamu, mkono wake wa kushoto umekaa vibaya, na alikuwa anarudia maneno yaleyale: "Nilikata tu kidogo. Nilikata tu kidogo."

Walipomwondoa, waandaaji waliandika kwamba kulikuwa na utelezi. Ilikuwa kweli, utelezi ulikuwepo. Watu wakaanza kufungasha. Mimi nilibaki na gari. Tairi la mbele kulia lilikuwa bado limekaa kwenye rimu yake, nikalipima. Kumi na tisa na nusu. Nikapima tena. Kumi na tisa na nusu.

Mzee arap Chumo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikampa daftari, akaangalia ile 24 iliyosimama peke yake. Alitoa kalamu ya risasi mfukoni, akanipa.

"Weka herufi," akasema.

Nikaandika M. Ukurasa huo ninao mpaka leo.

Hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili, na Mzee si mtu wa kusema. Nilikaa na jambo hilo siku nane. Nilipika, nilienda kazini, nilienda kanisani, na kila mahali nilisikia ile zipu. Jumapili ya pili niliomba ruhusa kwa mume wangu, nikaenda Kapkatet, ambako Rono alikuwa amehamishiwa hospitali iliyo karibu na kwake. Mkono ulikuwa kwenye plasta na mfupa wa bega umefungwa. Kando ya kitanda alikaa mke wake, Mama Cheptoo, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, kwa sababu hakuwa akihudhuria mbio. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, yule anayepima mifuko ya wakulima kwenye mizani na kuandika kilo.

Nilisalimia, nikaweka ndizi mezani, nikasema kabla sijakaa. "Bwana Rono, si utelezi. Ni mimi. Nilitoa upepo tairi ikiwa moto, ikapoa na mvua, ikabaki na kidogo sana. Sikupima tena."

Rono alifunga macho. Mke wake ndiye aliyeongea.

"Mizani yako ilisoma ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Na wakati alitoka kuenda ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tisa na nusu."

"Hiyo ingine ilienda wapi? Ilivuja?"

"Haikuvuja. Upepo ukipata joto unasukuma sana. Ukipoa unalegea. Ni uleule, lakini hausukumi tena."

Akafikiri. Ilionekana anafikiri kweli, si kutafuta maneno ya kunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. "Kwa hivyo mizani haikudanganya. Ni wewe hukuandika ulipima saa gani."

"Ndiyo, Mama."

"Huyu angekufa."

"Ndiyo."

"Asante kwa kuja kusema," akasema. "Lakini leo siwezi kukupatia chai."

Rono alifungua macho akaanza kusema kitu, mke wake akamzuia kwa mkono juu ya blanketi. Nikaaga, nikaondoka. Nilimwambia meneja vilevile kesho yake, nikamwomba asinitume tena uwanjani. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Miezi saba hivi ilipita. Mzee alistaafu, akarudi Chebunyo kwa ng'ombe wake. Siku moja alasiri, nikiwa chini ya trela, niliona viatu vya mwanamke vimesimama mbele yangu. Nikatoka. Alikuwa Mama Cheptoo.

"Mzee wangu anataka kurudi kwa hiyo mashindano yenu," akasema. "Nimemkataza, mchungaji amemkataza, na mamake pia. Amenunua tairi mpya na ameficha kwa duka, chini ya simiti. Nimekuja kuona hiyo mizani yako."

Nikamwonyesha geji. Aliishika kama mtu anayejua vyombo. Akaangalia sindano ikirudi sifuri, akaigonga kidogo kwa ukucha, akaangalia tena. Akaniuliza nani anaikagua, na mara ngapi, na tukilinganisha na nini. Sikuwa na jibu zuri kwa swali la tatu. Siku hiyo tuliazima geji mbili nyingine, tukapima tairi moja kwa zote tatu, na tukakuta yangu inapunja pauni moja. Miaka yote hiyo. Alisema kwenye kituo chake mizani ya hivyo ingeleta vita.

"Akienda, atapimiwa na wewe," akasema. "Si mtu mwingine. Wewe unajua mahali ilianguka. Na mimi nitakuwa hapo."

Nilimwambia naogopa. Akasema hata yeye, na kwamba hakuja kuuliza habari hiyo.

Ndivyo nilivyorudi uwanjani, na ndivyo nilivyopata fumbo kubwa kuliko yote ya kazi yangu. Tulikuwa tunapima alfajiri, matairi baridi, pauni ishirini na nane kila moja, yameandikwa, yameshuhudiwa. Baada ya mazoezi, matairi ya mbele yalikuwa yakifika thelathini na nne, sawa kabisa na tulivyotaka. Lakini la nyuma kulia, ambalo kwenye uwanja ule ndilo linalofanya kazi kidogo kuliko yote, lilikuwa likifika thelathini na tisa. Gari likawa linapiga mkia bila taarifa.

Rono alisema ni geji. Tulibadilisha geji. Fundi mmoja mgeni alisema ni breki inashika na kulipasha tairi joto. Tulifungua breki, ilikuwa safi. Nikaweka kipimajoto kwenye mpira: lilikuwa baridi kuliko mengine, na bado limebeba upepo mwingi kuliko mengine. Hilo lilininyima usingizi. Kisha nikafanya kitu ambacho ningetaka mkikumbuke mkisahau mengine yote. Nilichukua gurudumu hilo nikalihamishia kushoto, na la kushoto nikalileta kulia. Gari likaenda, likarudi. Shida ilikuwa imehamia kushoto. Basi haikuwa breki, wala kona, wala jua. Ilikuwa inasafiri na tairi lenyewe.

Tulikaa Mama Cheptoo na mimi juu ya makopo, tukilitazama hilo tairi kama mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi.

"Hii ilijazwa wapi?" akauliza.

"Karakana. Zile zingine tatu bwana yako alijaza huko Kapkatet, hii ilikuwa na pancha nikaitengeneza."

"Lini?"

"Ile wiki ya mvua."

Akalisogelea tairi. "Kwetu kituoni, mkulima akileta majani yamenyeshewa, uzito ni uwongo. Lazima utoe kilo za maji. Sasa huo upepo wenu haunyeshewi?"

Nilitaka kucheka. Halafu sikucheka. Nilizungusha gurudumu valvu ikawa chini kabisa, nikatoa sindano ya valvu. Upepo ukatoka kwa kelele, na pamoja nao yakatoka maji. Si tone moja. Yaliloweka lami mpaka kwenye viatu vyake. Kompresa inavuta hewa ya Kericho, na hewa ya Kericho mnaijua, nusu yake ni ukungu. Maji yanakaa chini ya tangi, mwisho yanaingia kwenye bomba, yanaingia kwenye tairi. Tairi likipata joto yanageuka mvuke, na mvuke unasukuma kuliko hewa kavu.

Tulirudi karakana moja kwa moja. Chini ya tangi la kompresa kulikuwa na koki ndogo iliyoshikwa na kutu, ambayo nilikuwa nikiipita kila siku. Niliigonga kwa nyundo ikafunguka. Ilitoa nusu ndoo ya maji ya rangi ya chai ya rangi. Mama Cheptoo alitazama ndoo, akanitazama.

"Tangu lini?" akauliza.

Nilienda Chebunyo kumwambia Mzee, kwa sababu jambo kama hilo huwezi kukaa nalo peke yako. Alinipa mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu, akasikiliza hadithi yote ya lile tairi bila kunikatiza. Nilipofika kwenye koki, akakuna kidevu.

"Hiyo koki niliona," akasema. "Miaka yote. Nilifikiri waliiweka tu."

Tangu siku hiyo koki hufunguliwa kila asubuhi, na kama mliwahi kunikuta nimekasirika kwa sababu hamkuifungua, sasa mnajua chanzo.

Nimebakiza siku moja ya kuandika, nayo ni ya mwaka jana, mbio zangu za mwisho. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kazini. Rono amezeeka kama mimi, nywele zimepungua, lakini macho yake akivaa helmeti ni yaleyale. Asubuhi ilikuwa ya mawingu. Tulipima yakiwa baridi, tukaandika. Saa sita mvua ikaanza, si ya mawe, ya kawaida, ile inayonyesha kama imepewa mkataba. Waandaaji wakasema mbio zitaendelea, mizunguko kumi na miwili.

Kila mahali nilisikia upepo ukitolewa. Mafundi wote walikuwa wamechuchumaa wakipunguza, kwa sababu kila mtu aliyelelewa kwenye tope anajua kwamba tope linataka tairi laini. Hata sisi na matrekta yetu tulifanya hivyo miaka yote. Lakini uwanja ule hauna tope. Una lami iliyolowa. Nilikuwa nimeandika siku zote za mvua kwenye daftari, na nilikuwa nimeona kwamba kwenye lami iliyolowa tairi halipati joto, na lisipopata joto upepo haupandi, na usipopanda hatufiki kule tunakotaka. Ukianza na kidogo, utabaki na kidogo. Hesabu ilikuwa inasema tuongeze.

"Wenzetu wote wanapunguza," akasema Rono.

"Nimewaona. Mimi nataka tuongeze. Thelathini na moja."

"Una hakika?"

Nilimtazama mkono wa kushoto, ule uliovunjika, ambao hadi leo haunyooki wote. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na hakika. "Sina," nikasema. "Nina siku sita za mvua kwenye daftari, na zote zinasema hivyo. Siku sita si nyingi. Ukitaka tupunguze kama wengine, nitapunguza, na sitakulaumu."

Rono alimgeukia mke wake, aliyekuwa ameshika mwavuli juu yetu sote watatu na hivyo hakuna aliyekingwa vizuri. Mama Cheptoo alichukua daftari akalisoma kurasa zile sita, moja baada ya nyingine, bila haraka, huku waandaaji wakipiga honi.

"Ongeza," akasema, akanirudishia.

Niliongeza. Gari lilipoondoka sikuangalia. Nilisikiliza. Nilihesabu kila mara lilipopita kona ya mikaratusi, na kila mara nilisikia tu injini ikishuka, ikikaa, ikipanda tena. Mzunguko wa tano gari moja la mbele liliteleza likaenda kwenye nyasi. Wa nane likafuata lingine, ambalo dereva wake alishuka akilipiga tairi teke. Rono alipita, injini ikashuka, ikakaa, ikapanda. Alimaliza wa tatu. Hakuwa amewahi kumaliza wa tatu maishani mwake. Alipozima gari hakushuka, alikaa tu ameshika usukani, maji yakichuruzika kwenye kioo.

Nilikuwa natafuta geji mfukoni nikakuta haipo. Mama Cheptoo alikuwa nayo. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye lami iliyolowa, na gauni lake la Jumapili, anatoa kifuniko cha valvu ya mbele kushoto.

"Thelathini na tatu," akasema kwa sauti ya kituoni. Nikaandika. Akazunguka. "Mbele kulia, thelathini na tatu." Nikaandika. "Nyuma kushoto, thelathini na tatu." Akafika gurudumu la mwisho, akapima, akagonga geji kwa ukucha, akapima tena.

"Nyuma kulia, thelathini na nne na nusu."

Alibaki amechuchumaa pale, geji mkononi, akilitazama lile tairi. Watu walikuwa wanakuja kumpongeza mume wake, wakitupita kushoto na kulia.

"Mama Otieno," akasema, "hii imezidi kwa nini?"

Maji ya kompresa nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe alfajiri. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka kiganja juu ya mpira.